MOTOKAA YA GAVANA NA WATOTO WA TEMEKE



Wazazi wa Temeke na Kinondoni wametuuliza mara kwa mara katika barua zao: siku ya mapumziko watoto twawapeleka wapi? Pwani, wasema, kuna mambo yasiyotazamika mbele ya watoto. Viwanja vya michezo vyataka fedha nyingi. Na wakiachwa nyumbani hushinda wameinamia simu mpaka Magharibi yaingia. Tumekwisha kujibu kwa maneno. Mwezi huu tumeona afadhali tujibu kwa vitendo. Tukakusanya jamaa nne, mbili za Magomeni, moja ya Tandika na moja ya Mtoni, watu wazima saba na watoto kumi na mmoja, tukaenda siku ya Jumamosi kuzitazama motokaa za zamani za wakubwa wa serikali, zilizowekwa katika Jumba la Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam.

Twajua wako watakaosema kuwa makumbusho ni mahali pa watalii na wanafunzi waliopangwa mistari na mwalimu wao. Hata katika msafara wetu alikuwamo baba mmoja aliyeuliza, tena kwa sauti, ni faida gani kutoka Tandika kwenda kutazama gari bovu, na ilhali Tandika magari mabovu yamejaa tele na kuyatazama ni bure. Watoto walicheka sana. Nasi twakiri kuwa neno lake lilikuwa na ladha. Lakini alikuja, na baadaye msomaji ataona kuwa ndiye aliyetusababishia mazungumzo marefu kuliko yote.

Safari yenyewe ilikuwa somo. Waliotoka Magomeni walipanda mabasi ya mwendokasi, ambayo yalianza kazi kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016. Waliotoka Temeke walikuja kwa daladala, na mtoto mmoja akauliza jina hilo latoka wapi. Mkubwa mmoja akamweleza kuwa mji huu ulikuwa na mabasi ya shirika la UDA tangu mwaka 1974, nayo hayakutosha. Ndipo mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa kuchukua abiria. Nauli yao ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Makondakta wakawa wakiita "dala! dala!" na jina likaganda hata leo, ingawa hiyo dala haimfikishi tena mtu popote. Ikiwa mzazi anataka mwanawe apende historia, na aanze na vitu ambavyo mtoto huvipanda kila siku.

Jumba la Makumbusho liko katika mtaa uitwao Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea. Lilifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na leo jumba hilo la mfalme limesimama katika mtaa wa mshairi wa Tanga. Kiingilio cha mwenyeji ni chepesi kuliko cha mgeni wa nchi za nje. Humo mna mambo mengi, na mtu akitaka kuyaona yote kwa siku moja atawachosha watoto bure. Mabaki ya fuvu la kale alilolivumbua Bibi Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959 ni jambo la siku yake peke yake. Sisi tulikwenda kwa ajili ya motokaa, tukapita moja kwa moja mpaka zilipo.

Iliyowasimamisha watoto wote ni Rolls-Royce. Gari hili lilitumiwa kwanza na serikali ya kikoloni ya Kiingereza, na baada ya Uhuru likatumiwa na Mwalimu Julius Nyerere. Msomaji azingatie jambo hilo kabla ya kuendelea. Nchi ilibadilika, bendera ikabadilika, wimbo wa taifa ukabadilika, na aliyekaa kiti cha nyuma akabadilika. Motokaa ni ile ile.

Tuliwaambia watoto habari za yule aliyekaa kiti cha nyuma baada ya Gavana. Mwaka 1955 mtu huyo aliacha kazi yake ya ualimu katika shule ya Pugu, kwa sababu asingeweza kuwa mwalimu na pia kuongoza TANU, chama kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Hakuwa na mshahara wa maana wala motokaa. Alipokelewa na wenyeji wa mji huu, wengi wao Waislamu wa Kariakoo na Gerezani, akina Abdulwahid Sykes na wenzake. Katika historia ya mji imeandikwa kuwa Dossa Aziz alitoa Land Rover yake ikatumike katika kazi za chama. Watoto wengi wa Temeke hawajapata kulisikia jina la Dossa Aziz, na kosa si la watoto. Nyumba aliyokaa Mwalimu Magomeni nayo imehifadhiwa kuwa makumbusho, na watoto wetu wa Magomeni walitoa vifua mbele waliposikia kuwa mtu wa Rolls-Royce alikuwa jirani wa babu zao. Basi huyo aliyekuwa akipanda gari la rafiki ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka mmoja baadaye, siku kama hiyo hiyo, akawa Rais wa Jamhuri.

Hapo mvulana mmoja wa darasa la tano akauliza: "Sasa gari hili lilikuwa la nani? La Gavana au la Nyerere?"

Wakubwa tulitazamana. Mmoja akasema la Gavana, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza kulipanda. Mwingine akasema la Rais. Msichana mmoja, dada yake yule mvulana, akasema: "Lingekuwa la mmoja wao, angekwenda nalo nyumbani." Hatukuwa na la kuongeza. Gavana alikwenda zake Uingereza akaliacha. Mwalimu alikwenda zake Butiama akaliacha. Na gari liko pale, mtoto wa Mtoni alitazama kwa kiingilio chake kidogo. Walikuwa wamepewa walitumie kwa kazi, basi.

Katika msafara wetu alikuwamo mzee mmoja wa Mtoni, aliyestaafu udereva wa serikali baada ya miaka mingi. Watoto wote humwita Babu. Alikuwa amesimama kimya muda wote akiyatazama magurudumu, na msichana yule alipotoa jibu lake mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo akatueleza habari za kitabu cha safari. Kila gari la serikali, alisema, lilikuwa na kitabu chake. Dereva akitoka huandika saa aliyotoka, aendako, maili zinazoonekana katika mita, na kazi aliyotumwa. Akirudi huandika tena, na ofisa aliyesafiri naye hutia sahihi. Petroli nayo huandikwa. Mwisho wa mwezi maili na petroli hulinganishwa, na zisipokwenda pamoja dereva huitwa ajieleze.

Mjukuu wake akamwuliza: "Babu, hukupata hata siku moja kuwapandisha baba na shangazi?"

Mzee akajibu kuwa siku moja alikuwa akirudi na gari tupu kupitia barabara ya Kilwa, mvua inanyesha kwa nguvu, akawaona watoto wake wawili wakitoka shule wamejifunika majani ya mgomba. Walimtambua wakampungia mkono. "Nikapiga honi," alisema, "nikapita."

Wasomaji, twasema kweli, palinyamaza kimya. Mama mmoja wa Magomeni hakuweza kuvumilia, akasema: "Baba, utuwie radhi, lakini hapo ulizidi. Gari lilikuwa tupu na njia ni hiyo hiyo. Serikali ingepungukiwa na nini?" Mzee akamjibu kwa upole: "Mwanangu, leo watoto kwa ajili ya mvua, kesho mkaa kwa ajili ya watoto. Mimi nilijijua." Mama hakuridhika, na mpaka tunaondoka alikuwa akisema kuwa watoto wangeweza kupata homa ya mapafu. Sisi nasi hatutaki kumfanya mzee malaika wala kumfanya mama huyu mtu asiyejali amana. Twaona kuwa mzee alikuwa na haki ya kujiwekea mpaka pale alipojua kuwa mguu wake huteleza. Na mama ana haki ya kuuliza kama huruma nayo haina nafasi katika kitabu cha safari. Lakini tuzungumze bila kuficha: watoto wetu wa Kinondoni na Temeke huzijua nambari za magari. Wajua kuwa lenye herufi ST ni la serikali na lenye SU ni la shirika la umma. Na kwa macho yao wameyaona magari hayo siku ya Jumapili yakichukua masufuria ya harusi, au asubuhi yakimteremsha mtoto mmoja tu mlangoni pa shule, na wao wamebanwa mlangoni pa daladala kwa kuwa ni wanafunzi na kondakta hawataki. Mtoto aliyeyaona hayo mara mia, somo la uraia shuleni atalisikiliza kwa sikio gani? Ndiyo maana tulifurahi kuwa amemsikia Babu.

Wenzetu wa kale walilipima jambo hili kwa farasi. Inasimuliwa katika sira za Umar bin Abdul-Aziz kuwa siku aliyoshika ukhalifa, mwaka 99 Hijria, yaani 717, aliletewa farasi wa kifalme waliopambwa, kila mmoja na mchungaji wake, kama ilivyokuwa desturi ya makhalifa waliomtangulia. Akauliza ni nini hawa. Akaambiwa ndio vipando vya Khalifa. Akaamuru wauzwe na thamani yao itiwe katika Baitul Mal, naye akapanda nyumbu wake mwenyewe. Mvulana wetu mmoja akataka kujua kwa nini basi Mwalimu hakuiuza Rolls-Royce. Ni swali la haki. Serikali changa hupokea wageni, na mgeni wa nchi hupokewa kwa heshima ya nchi. Pengine gari lililokwisha kununuliwa ni nafuu kuliko kununua jipya. Juu ya Mwalimu mwenyewe yajulikana kuwa Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana wakilalamikia masharti ya kujenga taifa, alijipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20, na Azimio la Arusha la Februari 1967 likawakataza viongozi wasipokee mishahara miwili wala wasijenge nyumba za kupangisha. Zilikuwa siku ambazo watu wa Afrika Mashariki yote walikwisha kuwabandika wakubwa jina la "wabenzi", kabila jipya lisilo na lugha wala mila, alama yake ni Mercedes-Benz. Jina hilo lingali hai, maana kabila lenyewe halijapungua.

Adhuhuri ilipokaribia tukatoka. Wanaume na wavulana wakaenda msikiti wa Kitumbini, na kina mama wakasali kivulini juu ya mikeka waliyokuja nayo. Halafu makapu yakafunguliwa: chapati, samaki wa kukaanga, machungwa ya Muheza na birika la chai. Twawashauri wazazi wasiende na watoto mjini bila ya kapu. Mtoto mwenye njaa hana historia.

Wakati wa kula tuliwasimulia watoto visa viwili vya motokaa, na kwa kuwa viliwanyamazisha wote kumi na mmoja, twavitoa hapa kwa wazazi watakaotaka kuvitumia.

Cha kwanza ni cha mji huu wenyewe. Tarehe 10 Agosti 1907, Mjerumani mmoja askari, Paul Graetz, alitoka Dar es Salaam kwa motokaa akikusudia kulivuka bara la Afrika mpaka pwani ya magharibi. Wakati huo hata reli ya kwenda Morogoro ilikuwa bado haijafunguliwa. Barabara hazikuwapo, palikuwa na njia za wapagazi. Gari lake lilitengenezwa makusudi na magurudumu marefu lisigonge visiki, na petroli ilitangulizwa mbele ikawekwa akiba njiani. Alipita ziwa Tanganyika upande wa kusini, akapita nchi iitwayo leo Zambia, akafika Johannesburg, akalikata jangwa la Kalahari, na tarehe 1 Mei 1909 akaingia Swakopmund katika nchi ya Namibia. Siku 630! Watu husema Graetz ndiye wa kwanza kulivuka bara letu kwa motokaa, na ni kweli. Lakini gari mara nyingi lilikwama likakokotwa kwa nguvu za watu, na watu hao majina yao hayakuchongwa popote. Baba wa Tandika hapo akasema kuwa mpaka leo mvua ikinyesha Mbagala mambo ni yale yale.

Cha pili kiliwafurahisha wasichana. Carl Benz wa Ujerumani alipata hati ya motokaa yake mwaka 1886, lakini watu waliiogopa na hawakuinunua. Mkewe, Bibi Bertha, akaona mumewe anakata tamaa. Agosti 1888, bila ya kumwambia mumewe, akawachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, wakaitoa motokaa alfajiri wakaenda kumtazama mama yake katika mji wa Pforzheim, safari ya kilomita mia na ushei. Hapakuwa na kituo cha petroli duniani kote. Mafuta aliyanunua katika duka la dawa. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipolika alimwendea fundi wa viatu akazitia ngozi. Wakafika salama, na tangu hapo watu wakaamini kuwa chombo hiki chaweza kusafiri. Basi matembezi ya kwanza marefu ya motokaa duniani yalikuwa ya mama na watoto wake kwenda kwa bibi yao. Msichana wetu mmoja akauliza kama Watanzania nao wamepata kuunda gari. Tukamwambia kuwa wamepata: kiwanda cha jeshi letu huko Kibaha kiliunda magari ya mizigo yaitwayo Nyumbu. Akasema anataka kwenda huko. Babake akamwambia amalize kwanza hesabu zake.

Sasa tumrudie baba wa Tandika. Tulipokuwa tukimenya machungwa alitoboa siri yake: anacho kiwanja Chanika, na amepata mtu wa kukinunua. Fedha hizo akusudia kuagizia motokaa ndogo kutoka Japani. "Kila Idi," alisema, "nawapakia watoto watano katika bajaji moja na majirani wanatazama."

Mkewe, ambaye kutwa nzima hakusema ila machache, akaweka chungwa chini. "Baba watoto," alisema, "umetuleta kutazama gari la Gavana. Gavana mwenyewe hakulinunua kwa kiwanja chake."

Tulicheka, lakini baba hakucheka, wala jambo lenyewe si la kucheka. Alijitetea kwa nguvu, na hoja zake hazikuwa za kipuuzi. Mama yake ni mgonjwa wa miguu na kliniki iko mbali. Bodaboda zawavunja watu kila siku. Motokaa si dhambi. Surat an-Nahl imewataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vya kupandwa na ni pambo pia, na wanazuoni wa zama zetu wameingiza motokaa na ndege katika hayo ambayo watu wa kale hawakuyajua. Yote hayo ni sawa. Ila mkewe alikuwa amefanya hesabu, na hesabu zake alikuwa nazo kichwani. Ushuru wa bandarini waweza kukaribia bei ya gari lenyewe. Kisha bima, kisha petroli, kisha matairi, kisha fundi. Kiwanja hakinywi petroli, alisema, na kila mwaka thamani yake yapanda, na motokaa kila mwaka yashuka. Ada ya shule ya watoto watano haikutajwa, kwa sababu haikuwa na haja ya kutajwa. Babu akaulizwa maoni yake, naye akasema jambo moja tu: ameendesha magari maisha yake yote na hajapata kumiliki hata moja, na miguu ya mama yule yaweza kupelekwa kliniki kwa teksi mara mbili kwa mwezi miaka mingi kabla ya kufikia bei ya gari.

Baba wa Tandika alisema atafikiri. Tulipoachana naye kituoni alikuwa bado akifikiri, na mkewe alikuwa amembeba mtoto mdogo aliyelala, hana haraka. Tumepata habari wiki iliyopita kuwa mnunuzi wa kiwanja ameambiwa asubiri mpaka baada ya mfungo.

Mwezi ujao, Inshallah, tutakwenda Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kando ya barabara ya Bagamoyo, ambako zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi hii. Kwa watu wa Kinondoni ni karibu, na wengi wao hushuka kituo cha Makumbusho kila siku bila ya kuingia ndani. Wanaotaka kufuatana nasi waje na kapu lao, na wazee wakumbukwe wasiachwe nyumbani.